Mashine ya Kichwa cha Baba

Mama yangu hakuwa mtu wa kusukwa. Tangu nimfahamu, nywele zake zilikuwa fupi, unene wa kidole kidogo, zimelingana kote, na kitambaa juu. Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia, alikuwa akiketi kwenye kigoda nyuma ya jikoni na kujipunguza mwenyewe kwa makasi, bila kioo, mkono wa kushoto ukipapasa na wa kulia ukikata. Akimaliza anapitisha kiganja kichwa kizima, mbele, nyuma, juu ya masikio, na akikuta mahali pamesimama anaparudia. Nilidhani kila mama duniani anajua kufanya hivyo. Nilipojaribu kwangu mwenyewe nikiwa msichana, nilitoka kama kuku aliyenyonyolewa nusu, na akanicheka hadi akashika ukuta.

Namwita Mama hapa ili tuelewane. Nyumbani hatumwiti hivyo. Kwa Kikisii mama anaitwa Baba, na baba ndiye Tata, na mgeni akisikia mtoto wetu ameanguka analia "Baba! Baba!" huku mwanamke ndiye anayekimbia kumwinua, hubaki ameduwaa. Sisi wenyewe tumezoea kubadilisha tukitoka lugha moja kwenda nyingine. Mara nyingi tunakumbuka.

Alipoanza kusahau, alisahau kwa mpango wake mwenyewe. Alisahau kama amekula. Alisahau njia ya kisimani, akaelekezwa na watoto wa shule. Alisahau kwamba Tata alishafariki, akawa anamwekea chakula. Kisha akaanza kutusahau sisi, leo ananijua, kesho ananiuliza nimetoka kwa nani. Lakini kile kiganja hakikusahau kitu. Kiliendelea kupanda kichwani kila saa, kutafuta palipozidi. Makasi tulikuwa tumeyaficha kwa sababu alishajikata sikio, basi kiganja kikikuta nywele zimesimama mahali, vidole vinashika na kung'oa. Anang'oa bila kukunja uso, kama mtu anayepalilia. Nilifika siku moja nikakuta utosini pana kidonda kibichi, na damu imeshuka hadi kwenye kola ya gauni, naye ananiuliza kama chai inatosha sukari.

Kwa hiyo hili halikuwa jambo la urembo, tafadhali nielewe. Nywele zikilingana, alitulia. Zisipolingana, alijichuna. Daktari alituambia kwa upole kwamba hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda, tumweke tu asijiumize. Tumweke! Kama vile ni gunia.

Mama anaishi Manga na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka mwenyewe kazi imemweka mbali, huja sikukuu. Mimi nina cherehani zangu Mosocho, nashona sare za shule na magauni ya kwaya, na Ijumaa nafunga mapema, napanda boda boda hadi juu kwa Mama. Wifi ndiye aliyebeba mzigo wa kila siku, na sina neno baya juu yake. Alipoona vidonda haviponi alimvalisha Mama soksi mikononi, akazifunga kwa kamba laini. Mama aliinua mikono yake akaitazama, akaigeuza, akaanza kulia kimya kimya. Akaniuliza mimi, kwa adabu kabisa, ni kosa gani amefanya. Tulizivua hapo hapo, na wifi akaenda kulia jikoni.

Sasa utauliza, si mngempeleka kwa kinyozi? Tulimleta kinyozi nyumbani, kijana mpole, na mashine yake ya umeme. Ile mashine iliponguruma tu, Mama alipiga ukelele kwamba ni nyuki. Alijifunika sweta kichwani akakimbilia migombani, na sisi nyuma yake, na kinyozi nyuma yetu ameshika waya. Ilituchukua muda mrefu kumtoa huko. Tangu siku hiyo hata redio ikikoroma kidogo, alikuwa anatafuta sweta.

Makasi nayo ni yangu, hiyo ni kazi yangu, nikasema aah, mimi niliyekata suti za maharusi nitashindwa na kichwa kimoja? Nilishindwa. Kitambaa ukikilaza mezani kinakaa. Kichwa cha mtu anayesahau hakikai. Nikikata hapa anageuka kuona nani anakata, nikikata pale anainama kuokota kitu kisichokuwepo. Nilipomaliza kilikuwa kimejaa ngazi, kama mashamba ya hapo kwetu mteremkoni. Kiganja kikapanda, kikahesabu ngazi zote, na kufikia jioni alikuwa ameng'oa nusu yake. Mtu mzima nimeketi hapo na makasi yangu ya kazi, sina la kufanya.

Ndipo nikaanza kutengeneza vyangu. Nilijiambia shida si mkono wangu, shida ni kwamba makasi hayana kipimo. Ukimpa mtu chombo ambacho chenyewe kinakataa kukata chini ya unene fulani, hata kichwa kikicheza, nywele zitabaki sawa. Ilikuwa hesabu rahisi ya fundi wa nguo. Nilichukua kitana cha meno mapana, nikakifunga kwenye makasi kwa lastiki, ili meno yatangulie kulala juu ya ngozi na blade zikate juu ya meno. Kilikata vizuri mara ya kwanza. Mara ya pili lastiki iliteleza, kitana kikageuka, na mama yangu akaniambia, "Wewe mtoto wa watu, unanichoma."

Nikatengeneza cha pili. Vitana viwili vya plastiki, wembe katikati, na vifungo vya shati pembeni kuweka nafasi. Nilikijaribu kwenye blanketi la manyoya hapo kibandani, wateja wakanicheka, mmoja akauliza siku hizi nanyoa kondoo. Kwenye blanketi kilifanya kazi ya kupendeza. Kwenye kichwa kilivuta. Nywele za Mama ni laini na zimejikunja, wembe unazishika kabla haujazikata, na alipovutwa alinitandika kofi. Nilikuwa sijapigwa na mama yangu tangu shule ya msingi. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama huko kidogo.

Wifi aliniambia, "Dada, pumzika. Hiki kichwa kitatumaliza."

"Kitana hakijakaa vizuri tu," nikasema.

"Si kitana," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Mzee mmoja aliyekuwa kinyozi hapo sokoni kabla stima haijafika ndiye aliyenipa wazo la tatu. Aliposikia habari zangu alinitafutia mashine yake ya zamani ya mkono, ile unayoibana na kuiachia kama koleo, safu mbili za meno zikipishana mbele. Haipigi kelele. Inasema chwi, chwi, chwi, basi. Niliileta nyumbani, nikaitia mafuta ya cherehani, nikaibana karibu na sikio la Mama, naye akatulia akaisikiliza. Hata alitabasamu. Haki ya Mungu nilitaka kupiga vigelegele.

Ila ile mashine ilikuwa inanyoa hadi ngozi. Ilihitaji kuvalishwa kitana mdomoni, kama vile za umeme zinavyovalishwa, na vile vya umeme havikuitoshea. Nikachonga changu kutoka kwenye mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia. Nilipima, nikachora kwa chaki, nikakata kwa kisu cha moto, meno kumi na kitu, mgongo wake unene wa kidole kidogo. Kwenye blanketi kiliacha manyoya yamelingana kama yametoka kiwandani. Nilimwita jirani aje aone. Nilipokuwa nakionyesha mara ya pili, meno mawili yakavunjika.

Basi nikaenda mjini Kisii kwa fundi wa chuma, nikampelekea mashine na kile kitana kilichovunjika, nikamwambia anitengenezee kama hicho kwa alumini ya sufuria nzito. Huyo fundi alikuwa mgeni, ametoka Ukambani si zamani, Kiswahili chake kizuri na mkono wake mzuri zaidi. Alikigeuza kitana changu akasema, "Fundi, hapa umefikiria." Wacha tu, nilirudi Mosocho nikiwa nimevimba kichwa.

Alinipigia simu wakati nikiwa nimepiga magoti mbele ya mteja, nampima pindo, pini zimejaa mdomoni. Akasema plastiki imepinda kwa joto la karakana, haoni tena unene wa mgongo, aache kiasi gani? Nikazitema pini chache nikamwambia, "Acha tu kiasi cha kichwa cha Baba. Si nilikuonyesha? Kichwa cha Baba, fupi, safi, ilingane."

"Kichwa cha baba," akasema. "Sawa, mama. Nimekuelewa."

Nikarudisha pini mdomoni.

Nilikichukua Ijumaa nikipita kwenda Manga. Kilikuwa kimepigwa tupa hadi kinang'aa, kimekaa kwenye mdomo wa mashine kama kilizaliwa nayo. Unene sikuupima. Mimi ambaye hupima hata kitambaa cha meza kabla sijakikata! Kilikuwa kizuri mno, na mvua ilikuwa inakuja, na boda boda ananiita. Nilipofika Mama alikuwa na siku nzuri. Alinijua. Aliniita kwa jina langu la utotoni, akaniuliza kuhusu cherehani, akaketi kwenye kigoda mwenyewe na kutoa kitambaa kichwani mwenyewe, akainamisha shingo. Sikuwa nimeona hivyo kwa muda mrefu. Nani angesema ngoja kwanza, nikatafute blanketi nijaribu?

Nikaweka mashine juu ya paji la uso, nikabana, chwi chwi chwi, nikaenda moja kwa moja hadi utosini. Nywele nyeupe zikaanguka begani kwake, na nyuma ya mashine ikabaki njia, ngozi tupu, inang'aa.

Nilisimama. Wifi alikuwa ameshika beseni, akasema "Ala!"

Kile kitana kilikuwa chembamba kama kucha. Fundi alikuwa amenielewa sawasawa. Nilimwambia kichwa cha baba, naye akamtengenezea mzee wa watu, mzee anayetaka kunyolewa safi kabla ya kwenda kanisani. Kwa lugha yake na kwa lugha niliyokuwa nazungumza naye, hakukosea hata kidogo.

Sasa hapo utafanya nini? Hebu niambie. Njia moja tupu katikati ya kichwa, na pande zote mbili nywele zimesimama. Nilijua kiganja kitakapopanda kitakuta kingo mbili, na kwamba vidole vitaanzia hapo, na havitaacha hadi pande zote ziishe, na kwa damu. Kuziacha ni kumwachia azing'oe. Kuzirudisha haiwezekani. Kulingana, jambo pekee nililokuwa nalitafuta miezi hiyo yote, kulikuwa na njia moja tu ya kulipata. Wifi alinitazama, nami nikamtazama. Nikabana mashine, nikaendelea. Mama alikaa kimya kama mtoto aliyeshiba hadi nilipomaliza.

Kisha kiganja kikapanda. Kikapita mbele, nyuma, juu ya masikio. Hakikukuta chochote mahali popote. Niliona mabega yake yakilegea, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Akauliza, "Nani amekufa?"

Kwa wale wasiojua, kwetu zamani boma likifiwa watu wake walinyolewa baada ya maziko, na mjane zaidi ya wote. Siku hizi wengi wameacha, na kanisa lilishasema la kusema, lakini Mama ni mtu wa zamani hizo. Alinyolewa alipofiwa na wazazi, akanyolewa alipofiwa na mtoto wake wa pili, akanyolewa alipofiwa na Tata. Kichwa chake hakijawahi kuwa kitupu kwa sababu nyingine. Mimi nilikuwa najua hayo yote. Nilikuwa nayajua wakati mashine ikiwa mkononi, na bado sikuona pa kukwepea.

"Hakuna aliyekufa, Baba," nikamwambia. "Ni nywele tu."

"Usinifiche," akasema. "Mimi si mtoto."

Machoni pake tulikuwa tunamficha. Hiyo ndiyo habari ya wiki zilizofuata. Alisahau chai, alisahau mimi ni nani, alisahau hata kwamba aliuliza, lakini kiganja kilipanda kila baada ya muda kidogo, kikakuta ngozi tupu, na yeye akafiwa upya. Wifi alimwambia ukweli mara moja, kwamba aliyekufa ni Tata, na ni zamani. Alianguka chini. Alilia jinsi mjane anavyolia siku ya kwanza, hadi majirani wakaja, na alipotulia akasahau, akapapasa kichwa, akauliza nani amekufa. Tangu hapo tukakubaliana kutomtaja Tata kabisa.

Mimi nikajaribu uongo. Nilimwambia tumemnyoa kwa sababu ya chawa. Ee jamani! Mama yangu, aliyekuwa akiosha hata kuni? "Mimi na chawa?" Alinirushia kikombe, na chai ikiwemo. Nilijaribu kusema ni daktari ameagiza. Akaniuliza daktari gani anayenyoa watu. Tukamvalisha kofia ya sufu, akaivua. Tukamfunga kitambaa kwa mafundo mawili, akakaa nusu siku akiyafungua kwa subira. Tungefanya nini tena? Kumfunga soksi?

Halafu wakaja akina mama wa kanisa kumjulia hali, wamebeba sukari na maziwa. Wa kwanza kuingia langoni alimwona Mama ameketi uani kichwa kitupu, akadondosha mfuko na kupiga mayowe, "Uuuwi! Kumetokea nini hapa, na hatukuambiwa!" Wenzake wakampokea. Nikatoka jikoni mbio nikipunga mikono, jamani, nyamazeni, hakuna kitu, ni mashine, ni mashine tu! Wakanyamaza kwa aibu, mmoja akaanza kucheka, wote wakacheka, hata mimi. Mama hakucheka. Alinigeukia akasema, "Unaona? Hata wao wanajua. Ni mimi tu mnayenificha."

Nilirudi kwa yule fundi wa chuma nikiwa na maneno yangu yote tayari, na mimi maneno sikosi. Nikaweka kitana mezani pake, pa! Nikamwuliza hiki ni kitu gani.

"Si ulisema kichwa cha baba?"

"Baba ni mama!" nikapiga kelele.

Karakana nzima ikasimama. Halafu Wakisii waliokuwa hapo wakaelewa, na wakacheka hadi mmoja akaweka nyundo chini. Wakamweleza. Fundi alishika kichwa. Alisema pole mara nyingi sana, akakataa kusikia habari ya malipo, akaniketisha, akapima kidole changu kidogo mwenyewe kwa kipimo chake, na akatengeneza kingine nikingoja. Safari hii kilikuwa sawa kabisa. Nilikijaribu kwenye blanketi, kikaacha manyoya unene ule ule. Ni kazi nzuri, nakwambia, mtu yeyote anaweza kumpunguza mzazi wake kwa kile kitu, hata kama mkono unatetemeka na kichwa kinacheza. Lakini ili kikate unene wa kidole kidogo ni lazima kwanza nywele zifike hapo, na za mtu wa umri ule haziharakishwi. Hakuna kifaa nilichoweza kubuni cha kuzifanya ziote.

Ijumaa ile ninayotaka kuisema nilifika mchana. Mama alikuwa kwenye kigoda, ametulia. Hakuwa analia. Alinitazama nikija hadi nilipofika, akaninyooshea mkono kwa heshima, kama mtu anavyompokea mgeni wa mbali.

"Karibu, mama," akasema. "Umefika. Wengine walishakuja wakaenda."

"Nimefika," nikasema, nikaketi chini kwenye nyasi.

"Sasa nimejua ni nani." Alisema polepole, na nafuu ndani yake. "Wamenificha, lakini nimefikiria mwenyewe. Ni yule binti yangu wa Mosocho. Wa cherehani."

Nilishika goti lake. "Baba, ni mimi. Mimi ndiye wa cherehani. Nitazame."

Alinitazama. Alinitazama vizuri, uso wote, kwa huruma. "Asante kwa kunipa moyo," akasema. "Lakini usijiite hivyo. Si vizuri kujiita marehemu."

"Lakini, Baba—"

"Wote huja. Mke wa mwanangu yuko hapa. Mwanangu mwenyewe anapiga simu. Huyo binti alikuwa anakuja kila Ijumaa, hakosi, hata mvua inyeshe. Sasa haji. Mtu kama yule anaacha kuja kwa sababu gani, kama hajafa?"

Nilikuwa nimekuja kila Ijumaa. Ile iliyopita nilikuwa hapo hapo kwenye nyasi, na ile ya kabla yake.

"Ulimjua?" akaniuliza.

"Nilimjua."

"Alikuwa na mdomo, huyo." Akacheka kidogo. "Angegombana hata na mvua. Lakini mikono yake! Alinishonea gauni la kijani, mshono huuoni, unatafuta, huuoni. Na alikuwa ananishughulikia kichwa." Kiganja kilipanda, kikapita, kikashuka. "Hajui kunyoa, maskini. Ananiumiza. Analeta hiki, analeta kile, vitana, sijui vyuma, na kila kimoja kinauma kuliko kingine. Namwacha tu. Nilikuwa namwacha kwa sababu alikuwa anajaribu sana."

Wifi alikuwa ametokea mlangoni na sahani mkononi. Aliposikia hayo alirudi ndani.

Mama aliniinamia. Uso wake ulibadilika, ukawa mkali, ule ukali wa mama aliyesimamia matanga mengi na anayejua kila mtu anapaswa kufanya nini.

"Na wewe," akasema, "unasema ulimjua. Mbona hulii? Mtu akikaa matangani macho makavu, watu watasema ni yeye aliyemuua."

Basi nikalia. Sikuhitaji kusaidiwa. Nililia kwa sauti, kichwa changu magotini pake, kwa namna ambayo sikulia hata tulipomzika Tata, na nilihisi mkono wake ukinipigapiga mgongoni, taratibu, mkono ule ule. Aliniacha kwa muda. Kisha akaniinua kwa bega, akanifuta uso kwa pindo la gauni lake la kijani.

"Basi, mama, inatosha," akaniambia. "Alikuwa mtoto wangu mimi, na hata mimi nimenyamaza."